Ungekata Kidogo Kushoto

Inatangazwa kwa wapiga picha wote, wapigwa picha wote na umma kwa jumla kwamba Klabu ya Picha, kwa mamlaka iliyopewa na Klabu yenyewe, imekamilisha Maboresho Makuu ya Mfumo wa Kupima Uzuri, na kwamba kuanzia Jumamosi hii hakuna picha itakayohesabiwa kuwa nzuri kabla haijapimwa.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha klabu, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliyeliandika alirudi nyuma kidogo, akalisoma kwa sauti, akalipenda, akalisoma tena. Huyo ndiye Mwenyekiti. Kabla ya kustaafu alikuwa Afisa Mkuu wa Vibao katika ofisi ya mji, na kama umewahi kuambiwa na ukuta usiuegemee, au na nyasi usizikanyage, basi mmeshazungumza.

Asiyejua mambo ya klabu za picha atadhani mashindano ni kitu rahisi: watu wanaleta picha, iliyo nzuri inashinda, watu wanakwenda nyumbani. Ni mawazo kama hayo yaliyoifikisha dunia hapa ilipo. Klabuni picha huwekwa kwenye stendi ya mbao chini ya taa. Katibu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye hata akinong'ona watu hunyoosha migongo, husoma namba na jina la picha, kamwe si jina la aliyeipiga. Majaji watatu huitazama, hukohoa, hutoa maoni, kisha hutoa alama zisizozidi ishirini. Chini ya kumi na moja haitolewi, kwa sababu mwanachama aliyepewa kumi huhama na kujiunga na kwaya. Ishirini nayo haitolewi, kwa sababu mtu akishaipata ataanza kuutazama uenyekiti. Picha ikimgusa jaji, husema "Zuia!" na picha huwekwa meza ya pembeni kusubiri fainali. Kwingine kote mtu akizuiwa huwapigia simu ndugu zake waje wamsaidie. Hapa huwapigia kuwaringia.

Mchango wa Mwenyekiti katika sanaa hii ulikuwa mmoja, lakini ulikuwa mkubwa. Aliamini kwamba kila picha duniani ina kitu kilichozidi. "Ni nzuri," angesema, huku amefumba jicho moja, "ila ungekata kidogo kushoto." Alisema hivyo kuhusu mlima. Alisema hivyo kuhusu picha ya bibi harusi, na aliyekuwa kushoto alikuwa bwana harusi. Hakusema kwa maneno matupu: alitembea na pembe mbili za kadibodi nyeusi, ambazo ukizikutanisha juu ya picha zinafanya fremu, na ukizisogeza unaona picha ingekuwaje kama ingekuwa ndogo zaidi. Kwenye nyaraka za klabu ziliitwa Vifaa vya Urekebishaji wa Mipaka. Wanachama, akiwa hasikii, waliziita panga.

Maboresho Makuu yalileta kanuni mbili mpya. Ya kwanza ilitokana na fedheha ya mwaka uliopita, pale picha ya mama mkwe wa Daktari wa Meno ilipopata alama kumi na tisa kwa sababu mama huyo alikuwa amekaa ukumbini na majaji walimwogopa. Kwa hiyo sasa uso wa mwanachama, au wa ndugu wa mwanachama, ungefunikwa kwa kiduara cha karatasi ya kaki mpaka alama zitangazwe. Ya pili ilisema kwamba majaji wawili wakikubaliana kitu kikatwe, kikatwe palepale, kwa kuwa ushauri usiotekelezwa ni kelele tu. Zote mbili ziliandikwa na Mwenyekiti, na siku zilipopitishwa alijipigia makofi kidogo, kwa adabu.

Sasa tuseme ambalo halikuwamo kwenye tangazo. Picha ya Mwaka, safari hii, ingetundikwa katika chumba cha kusubiria cha ofisi ya mji. Mwenyekiti aliujua ukuta ule kuliko alivyozijua sura za mashemeji zake. Wakuu wote wa idara waliostaafu wametundikwa pale, kila mmoja na tai yake: wa Maji, wa Masoko, wa Takataka. Yeye alipostaafu, Idara ya Vibao ilivunjwa wiki hiyohiyo, na kwa kuwa idara isiyokuwepo haiwezi kuwa na mkuu aliyestaafu, nafasi yake ukutani ulipewa mtungi wa kuzimia moto. Kila alipokwenda kufuatilia mambo yake ya kustaafu, aliambiwa asubiri chini ya mtungi huo. Ilimuuma. Alitaka kuwa ukutani kabla hajafa, na kwa maoni yake hilo halikuwa ombi kubwa.

Jaji haruhusiwi kushindana. Kanuni hiyo nayo aliiandika mwenyewe. Lakini haikusema lolote kuhusu mke wa jaji.

"Mama watoto, njoo unipige picha," alimwambia mkewe asubuhi moja.

Mkewe alikuwa uani anafua. "Nina sabuni mikononi."

"Jifute. Ni kubonyeza tu. Kila kitu nimeshakipanga."

Alikuwa amekipanga kweli. Alikaa kwenye kiti cha mikono, ndani ya suti aliyostaafu nayo, kamera yake ya zamani magotini, macho yakitazama mbali kama mtu anayeuliza mwanga umetoka wapi na unapita kwa ruhusa ya nani. Nyuma yake kamba ya nguo ilikuwa na shuka jeupe, na pembeni kulikuwa na beseni.

"Toa hilo beseni."

"Lina nguo zako."

"Basi angalau lisionekane."

"Tulia, baba watoto. Umekunja uso."

Mkewe alipokea kamera mpya, akasogea upande, akarudi nyuma, akachuchumaa. Mwenyekiti alishangaa kwa nini mtu anayebonyeza tu anahitaji kuchuchumaa, lakini alinyamaza kwa sababu alikuwa ameshavuta tumbo ndani. Kamera ikalia. Mkewe akairudisha, akaendelea kufua.

Picha aliipenda mno. Ni kweli uso ungefunikwa wakati wa kupimwa, lakini ikishinda kaki ingebanduliwa mbele ya watu wote, na mshangao wao alishaanza kuusikia masikioni. Kuhusu dhamiri, alijiambia kwamba mkono uliobonyeza ndio wenye picha. Akaona hoja hiyo ni nzito kiasi cha kustahili kibao.

Jumamosi ilipofika chumba kilijaa. Majaji wenzake walikuwa Daktari wa Meno na Fundi Cherehani, watu wawili aliowafundisha yeye mwenyewe kila wanachokijua. Namba tatu ilikuwa "Paka", namba nne "Paka Mwingine". Machweo yalikuwa matano, yote ya jua lilelile. Mwenyekiti alikata kushoto, akakata kushoto, akakata kushoto.

"Namba tisa," alisoma Katibu. "'Shuka na Beseni.'"

Mwenyekiti alishtuka. Alikuwa ameagiza iitwe "Mtazamo wa Kiongozi".

Picha ikapandishwa kwenye stendi: beseni, shuka, na mzee kwenye kiti mwenye kiduara cha kaki mahali pa uso. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuna aliyekohoa.

"Aisee," Fundi Cherehani alinong'ona. "Hilo shuka!"

"Jua limepita ndani yake mpaka unauona uzi," alisema Daktari. "Na povu kwenye beseni linavyong'aa. Zuia!"

"Zuia!" Fundi akadakia.

"Zuia," alisema Mwenyekiti, akijitahidi kuificha furaha.

"Ila," alisema Daktari.

Ile "ila" ilikuwa mali ya Mwenyekiti. Hakuwahi kuisikia ikitoka kinywani mwa mtu mwingine.

"Ila nini, Daktari?"

"Huyu mzee wa kushoto. Anaziba."

"Anaziba nini? Huyo ndiye kiini cha picha! Tazama alivyokaa. Huyo ni mtu anayeona mbali."

"Mwenyekiti, hana macho," alisema Fundi.

"Anayo! Yamefunikwa kwa mujibu wa kanuni."

"Mimi kichwa hakinisumbui," alisema Daktari. "Tatizo ni tumbo. Linavuta jicho. Limekaa pale kama jino bovu, majirani zake wote wanateseka. Huyu aking'olewa, picha itapumua."

"Na ile suti," Fundi Cherehani aliongeza, akikunja pua. "Sijui aliyeishona alikuwa amegombana na nani."

Aliyeishona alikuwa yeye, ila huo haukuwa wakati wa kumkumbusha.

"Jamani, mpeni heshima yake," Mwenyekiti alisihi. "Huenda ni mstaafu. Huenda amewatumikia wananchi maisha yake yote."

"Huenda," alisema Fundi. "Basi akawatumikie nje ya picha."

"Hamjui mnachokikata nyinyi!"

Katibu aliinua macho kutoka mezani, na chumba kizima kikanyoosha migongo. "Mwenyekiti, unamfahamu huyo mtu?"

Watu wote wakamgeukia. Akisema ndiyo, ataulizwa ni nani. Akisema ni nani, ujaji, uenyekiti na lile tangazo mlangoni vyote vinakwenda na maji. Mwenyekiti alimtazama yule mzee wa kwenye picha, alivyovuta tumbo ndani kwa matumaini.

"Simfahamu," alisema.

"Basi toa Vifaa."

Akazitoa mwenyewe zile pembe mfukoni. Fundi Cherehani akaziweka juu ya picha, akaanza kuisogeza ile ya kushoto polepole, kwa mkono wa mtu aliyezoea kupunguza nguo. Goti likaondoka. Kamera ikaondoka. Tumbo likaondoka, na kweli lilichukua muda. Palipobaki shuka na beseni peke yake, likatokea jambo ambalo Mwenyekiti hakulitarajia kabisa: aliona kwamba wako sahihi. Mwanga ulishuka kwenye shuka, ukapita kwenye povu, ukatulia, na hakukuwa tena na mtu wa kuusimamia. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote zilizowahi kupanda kwenye stendi ile. Alitamani aichukie, akashindwa.

Mashine ya kukatia karatasi ikalia kwacha. Namba tisa ikapewa alama kumi na tisa kutoka kwa kila jaji na kutangazwa Picha ya Mwaka, na Mwenyekiti, kwa wadhifa wake, ndiye aliyesoma sifa: "Kwa ujasiri wa kuondoa visivyo vya lazima." Watu walishangilia mpaka mwenye duka la chini akagonga dari kwa ufagio.

Mabaki ya picha, kwa mujibu wa kanuni, hukabidhiwa Mhifadhi Mkuu wa Mabaki. Cheo hicho nacho kilikuwa chake. Akajikunja mara mbili, akajitia mfukoni mwa koti, akashuka ngazi. Katikati ya ngazi alisimama kuibandua ile kaki ili angalau ajione. Kaki ikatoka na pua.

Nyumbani alimkuta mkewe anakunja nguo.

"Umeshinda," alimwambia.

"Nimeshinda nini?"

"Picha ya Mwaka. Itatundikwa ofisini."

Mkewe alicheka, akakaa juu ya nguo alizokwisha kuzikunja. "Na wewe je? Si ulitaka kuwa ukutani?"

"Nilikatwa."

"Pole, baba watoto." Akamshika mkono, na pole ile ilikuwa ya kweli. Kisha, kwa kuwa walikuwa wameishi pamoja miaka mingi na hakuona sababu ya kumficha, akaongeza: "Kusema kweli mimi nilikuwa napiga shuka. Wewe ulikuwa umekaa mbele, nikaona aibu kukufukuza."

Siku ya uzinduzi Mkurugenzi wa mji alikuja na mkasi wake. Mtungi wa kuzimia moto ulihamishiwa chooni na nafasi yake ikachukuliwa na shuka, katikati ya mkuu wa Masoko na mkuu wa Takataka, nao wote wawili wakaonekana wachafu kidogo kwa kukaa karibu nalo. Mkurugenzi alisema kwamba picha hii ni kielelezo cha uwazi serikalini, kwa sababu jua linaonekana upande wa pili. Mkewe Mwenyekiti alivaa gauni la buluu. Alikuwa amempa mumewe mkoba amshikie, na mumewe alijipanga kando yake, karibu kabisa na ukuta, tumbo ndani.

Mpiga picha wa ofisi aliinua kamera, akafumba jicho moja.

"Mzee mwenye mkoba, sogea kidogo."

Akasogea.

"Kidogo tena."

Akasogea tena.

"Bado nakuona bega."

Akajikuta amevuka mlango, yuko kwenye korido.

"Hapohapo! Sasa imekaa vizuri!" Na ndani watu wakapiga makofi.

Mwenyekiti alibaki amesimama na mkoba kifuani. Alisikia kicheko cha mkewe kutoka ndani na akajikuta anatabasamu, kisha akakumbuka kwamba amekasirika, akaacha. Mama mmoja aliyeonekana kuchoka kwa kuzungushwa ofisi hadi ofisi alimkaribia.

"Shikamoo, mzee. Samahani, wanapokea malalamiko hapa?"

"Marahaba, mwanangu," alisema Mwenyekiti, akisogea kumpa nafasi. "Kaa nyuma yangu. Mimi ndiye niliyetangulia."