Ndoa za 1958

Jumatatu, 6 Septemba 1999

Bwana Nkusi, katibu wa komini, serikali yetu ya mtaa, ametangaza kwamba stoo ya nyuma itasafishwa Ijumaa. Makaratasi ya zamani yachomwe, saruji ipate pa kukaa. Alhamisi anakuja Mama Uwamariya wa Kigali, mkaguzi wa nyaraka za zamani. Akinikuta mimi, Narcisse, karani wa kawaida, nimeokoa historia ya nchi peke yangu, lazima anifanye mhifadhi. Meza ya dirishani, inayotazama ziwa, itakuwa yangu. Kwa sasa anaikalia Xavérine, mpiga chapa, ambaye hata ziwa halitazami. Anapiga chapa tu.

Jumanne, 7 Septemba

Nimeingia stoo. Vumbi, ukungu, panya mmoja mwenye dharau. Nimechagua madaftari yenye majalada mazuri. Xavérine naye kaja na kalamu, anaorodhesha kila kitu, hata risiti za ng'ombe. Akaniuliza: "We Narcisse, unachagula kitabu sababu ya ngozi yake?"

Saa nne akaja bibi Kankindi, mjane wa mtaa wa Nengo. Shemeji yake anataka kumtoa nyumbani, anadai hakuolewa kihalali. Wazee wa mtaa wanataka cheti Ijumaa. Alifunga ndoa hapahapa komini, mwaka 1958.

Daftari la ndoa za 1958 lilikuwa kwapani mwangu. Nikamwambia bado natafuta, arudi Alhamisi. Si uongo mkubwa. Nitampa mbele ya Mama Uwamariya, bibi atalia kwa furaha, na mgeni ataandika jina langu.

Jumatano, 8 Septemba

Daftari lina unyevu, kurasa zinaachana zenyewe. Nikazianika juu ya paa la kibanda cha Vestine, anayekaanga sambaza, samaki wadogo wa ziwani, nyuma ya ofisi. Nikaweka na mawe. Xavérine hapiti huko, harufu inamuumiza kichwa. Nikaenda kula.

Kurudi, paa tupu. Vestine akanishukuru sana. Karatasi za kufungia samaki zilikuwa zimemuishia, akaona Mungu kamkumbuka. "Karatasi muzuri, iko nguvu. Iko ingine?"

Mchana kutwa nimezunguka mtaa wa Mbugangari nikiomba watu karatasi walizokwisha kulamba. Nimepata kumi na moja. Régis wa teksi kafutia kioo maharusi wote wa Februari. Zilizobaki zimekwenda Goma na wachuuzi. Ndoa za 1958 zimevuka mpaka bila laissez-passer. Ukurasa wa Kankindi sijauona.

Alhamisi, 9 Septemba

Mama Uwamariya alifika saa tatu. Nikatoa hotuba. Akauliza, kwa upole, kwa nini historia ya nchi inanuka samaki. Paka wawili walikuwa wamekwisha ingia.

Kankindi alikuwa kwenye benchi tangu asubuhi, amevaa umushanana wake wa sherehe. Nikamwambia daftari halionekani. Hakulia. Akasema, "Basi mwanangu, mi nitalala wapi?"

Nikasema yote: kwapa, paa, sambaza. Bwana Nkusi akatazama dari. Xavérine akafungua orodha yake, akashuka nayo kwa kidole. "1958 iko mbili. Ya pili iko chini kabisa, kwa ukuta." Kumbe zamani kila daftari liliandikwa nakala mbili.

Tukachimba wote. Hata Mama Uwamariya alivua viatu. Saa tisa tukalipata. Kankindi aliweka kidole chake kando ya alama ya dole gumba la marehemu mumewe, akakaa hivyo muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

Mama Uwamariya ameamua: hakuna kitakachochomwa. Saruji itafute kwingine. Mhifadhi ni Xavérine. Mimi msaidizi wake.

Jumamosi, 11 Septemba

Jana wazee walisoma cheti, shemeji akaondoka bila kuaga. Leo Kankindi kamletea Xavérine viazi, kikapu kizima. Mimi kaniletea salamu, tena kazitoa akiwa mlangoni, jicho lake likiwa kwenye mikono yangu.

Nimelitafakari sana kosa langu. Kosa lilikuwa kuanika nje.

Jana mchana tulitumwa Bugeshi kuchukua madaftari ya mifugo. Moja ni zuri kweli, jalada jekundu. Xavérine hajaliona, halimo kwenye orodha yake. Mama Uwamariya anarudi Desemba. Nitalitoa mwenyewe mbele ya watu wote. Safari hii nimelificha ndani ya nyumba, chini ya godoro la mtoto mchanga wa jirani yangu Immy. Nani atatafuta pale? Pana joto, pana amani, na Immy ameahidi kuligeuza godoro kila linapolowa.