Wiki Niliyomfundisha Dada Simu Kuuza Magari

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo ni siku yangu. Bi Mkubwa ametuita sote asubuhi mbele ya ofisi, magari yakiwa bado na umande. Ametangaza kwamba amepandishwa cheo. Anakwenda makao makuu kusimamia yadi zote. Kiti chake cha umeneja kitabaki wazi, na Jumamosi atamtaja wa kukikalia. Mmoja wetu, si mgeni.

Mmoja wetu! Kwani hapa kuna nani mwingine? Fundi hajui kuongea na watu. Mhasibu anaogopa magari, huja kazini kwa miguu. Wale wauzaji wawili ni watoto wa juzi, hata tai wanafungiwa na wake zao. Nimebaki mimi. Nimeuza magari tangu enzi ambazo mtu akinunua gari mtaa mzima ulitoka nje kulishika.

Halafu akasema kila mzoefu apewe mtu wa kumlea wiki hii, amfundishe mauzo. Mimi nimepewa Dada Simu, yule wa mapokezi. Miaka yote yuko nyuma ya ile meza, anapokea simu na kuwaletea wateja maji. Nimekubali kwa heshima zote. Ni wazi napimwa.

Nikawakumbusha watu kwamba hata Bi Mkubwa nilimlea mimi. Alikuja hapa binti mdogo na ndoo na kitambaa, kuosha magari. Nikamwambia, binti, gari huoshwa kuanzia juu. Mengine yote yametoka hapo. Fundi akauliza, mbele za watu, kama na mvua niliifundisha mimi, maana nayo huanzia juu. Wakacheka. Nikiwa meneja Fundi atanitambua.

Nyumbani nimemweleza mke wangu. Akauliza huyo Bi Mkubwa ni nani, na kama bi mkubwa yuko kazini, basi yeye hapa ndiye bi mdogo? Nimemwambia mara ngapi kwamba ni jina la kazini! Akasema haya baba, lakini hicho cheo ukivue mlangoni pamoja na viatu.

Jumanne, tarehe 4

Balaa! Mhasibu ameninong'oneza kwamba Dada Simu naye anakitaka kile kiti. Eti Bi Mkubwa mwenyewe alimsukuma aombe.

Sikuamini. Nikamwendea. Akanisalimu kwa adabu, akasema ni kweli mzee wangu, nimeomba. Akasema anayepokea simu ndiye anayewajua wateja, kwa sababu wakikasirika humpigia yeye. Na safari hii akikosa anaacha kazi, amechoka kuitwa "we binti, maji". Nikamhurumia kidogo. Kidogo sana, ikapita.

Nikakaa ndani ya pikapu nikafikiri. Uuzaji wangu una siri ambazo sijampa mtu. Kwanza, boneti haifunguliwi. Mteja akiona injini anaanza maswali. Pili, mke wa mteja hashiki usukani. Abaki nje na mkoba wake. Tatu, muuzaji hanyamazi. Unaongea mpaka mtu anunue ili akapumzike.

Basi nikamfundisha kinyume! Yote! Nikamwambia, mwanangu, fungua boneti kabla hujaombwa. Taja ubovu wote wa gari, usifiche hata mmoja. Mama akija, funguo mpe yeye. Halafu funga mdomo. Alisikiliza kama yuko shule. Akasema asante mzee, Mungu akuzidishie. Nikaitikia amina.

Kisha nikampa gari la kuanzia: Mjane. Ni lile dogo la rangi ya kahawia kule pembeni. Linaitwa hivyo kwa kuwa yote yaliyokuja nalo yalishachukuliwa, lenyewe limebaki. Gia ya tatu inanguruma. Dirisha la nyuma halishuki. Hapo nimemmaliza.

Jumatano, tarehe 5

Walikuja mume na mke. Mke muuguzi, mume sijui ni nani ila anajua kila kitu. Dada Simu akawapeleka moja kwa moja kwa Mjane. Mimi nikajibanza nyuma ya pikapu ili nicheke kwa nafasi.

Mambo yalianza vizuri. Mjane hakuwaka, betri imekufa. Fundi akaenda akachomoa betri ya kile kigari cheupe cha mizigo, akaifunga kwa Mjane. Dada Simu akapaza sauti kwa yadi nzima kwamba jamani, betri ya kigari cheupe iko huku, asikiguse mtu. Nilisikia, lakini nilikuwa na shughuli ya kucheka.

Akafungua boneti. Akataja gia, akataja dirisha, akataja mpaka alama ya kahawa iliyomwagika kwenye kiti cha nyuma, ambayo hata mimi sikuijua. Akampa mke funguo. Akanyamaza. Kimya kama ukuta! Nikasema sasa wataondoka.

Yule muuguzi akazunguka nalo mtaa mmoja, akarudi anacheka. Akasema gia ameisikia, inakoroma kama huyu bwana hapa. Akasema yadi tatu walizotoka, kila mtu aliwaapia gari halina hata mkwaruzo, na hapa ndipo mahali pa kwanza pa kuambiwa ukweli. Mume akataka kutoa hotuba. Mke akamwambia we nyamaza, kwani zamu ya alfajiri unakwenda wewe? Wakalichukua.

Mjane ameolewa! Fundi akapiga vigelegele, mtu mzima na spana mkononi.

Bi Mkubwa akatoka ofisini kuuliza nani kamfundisha binti kuuza hivi. Dada Simu akanionyesha kwa kidole pale nyuma ya pikapu. Bi Mkubwa akaniangalia kwa muda mrefu. Halafu akaja akanipa mkono, mikono miwili. Ningesema nini? Nikasema ndiyo kawaida yangu.

Alhamisi, tarehe 6

Leo niliamua kuonyesha uuzaji wa kweli. Akaja mwoka mikate anataka chombo cha kusambazia. Nikamwahi kabla hajavuka geti. Nikampeleka kwenye kigari cheupe.

Alikuja na mama yake. Nikamwomba mama asubiri kivulini. Akauliza kivuli kipi. Sikumjibu, nilikuwa nishaanza kuongea. Nikaeleza habari za kigari. Nikaeleza habari za magari kwa jumla. Nikaeleza habari zangu. Mwoka mikate akanyoosha mkono afungue boneti, nikaikalia. Mambo yanakwenda!

Alipoanza kupepesa macho nikajua ameiva. Nikamkalisha kwenye usukani. Nikamwambia sikiliza injini hii, kijana wangu. Nikazungusha ufunguo mwenyewe.

Kimya.

Nikazungusha tena. Kimya. Nikarudi juu ya boneti, nikamwambia hii injini ni tulivu sana, wengine huwa hawaisikii kabisa. Yule mama akapaza sauti kutoka juani kwamba mwanangu, mbona hata taa haziwaki?

Fundi akaja akaniomba nishuke kwenye boneti. Akaifungua. Mahali pa betri pana shimo. Mama akacheka mpaka akatafuta tairi la kukalia. Akauliza kama na betri nayo iko kivulini.

Dada Simu akaja na ile betri, imerudi kwa kuwa Mjane alifungiwa mpya jana kabla ya kuondoka. Akawaomba radhi kwa niaba ya yadi. Akaeleza kwamba mlango wa kando wa kigari huhitaji kusukumwa na bega. Akampa mama funguo. Akanyamaza. Mama akaendesha! Kumbe miaka yote yeye ndiye msambazaji wa mikate.

Wamekinunua. Dada Simu akamwambia Bi Mkubwa kwamba tumeuza pamoja, yeye na mzee. Pamoja! Dharau gani hii?

Mke wangu kaniuliza kwa nini siongei.

Ijumaa, tarehe 7

Nimeitwa ofisini. Nimekwenda na tai. Bi Mkubwa akafunga mlango, akasema mzee, hebu niambie ulimfundisha nini Dada Simu. Nikamwambia. Boneti, ubovu, mama, kimya.

Akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema enzi zile aliponiomba nimwonyeshe kuuza, apate kuiweka chini ndoo, nilimwambia maneno hayo hayo, hakuna lililopungua. Kisha nikaenda kujificha nyuma ya lori jekundu. Akasema aliniona mabega yanatikisika. Alikwenda nyumbani akalia. Kesho yake akayafuata hivyo hivyo, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kumfundisha chochote. Wateja wakaanza kumuulizia yeye kwa jina.

Akasema baadaye amepelekwa semina nyingi, kwenye hoteli, na wakufunzi wenye suti. Hakuna aliyempa kitu kizuri kuliko mimi. Ndiyo maana amenipa Dada Simu.

Nikamwambia hayo siyakumbuki. Tena lile lori lilikuwa la bluu.

Nimetoka nimetulia. Ukiona bosi anakusifu namna hiyo na mlango umefungwa, jua kiti ni chako. Nimemwambia mke wangu anipigie pasi shati jeupe. Akasema pasi iko pale, meneja.

Jumamosi, tarehe 8

Dada Simu.

Ametajwa mbele ya wote. Alilia. Mhasibu alilia. Fundi aliingia chini ya gari ambalo halikuwa na tatizo, akakaa huko. Mimi nilipiga makofi wa mwisho, lakini nilipiga.

Amri yake ya kwanza: hapa hakuna tena "we binti, maji". Mwenye kiu bomba lile pale. Bi Mkubwa akamkumbatia kama anamwoza.

Amri ya pili ikanihusu. Nimefanywa Mlezi Mkuu wa wauzaji wapya! Cheo hakijawahi kuwepo. Wasichana wawili wanaanza Jumatatu, na wote wako chini yangu. Dada Simu akasema amewaambia wafuate kila neno langu.

Mke wangu akauliza kama kiti nimekipata. Nikasema nimepewa kitu kikubwa zaidi. Akauliza kinakaliwa?

Jumapili, tarehe 9

Nimepumzika, nimefikiri. Fundi amenidokezea kwamba mmoja wa wale wasichana, siku ya kuja kuomba kazi, aliuliza chumba cha meneja ni kipi. Ndiyo hivyo! Hajaanza hata kazi! Na Dada Simu hatakaa sana, makao makuu watamchukua kama walivyomchukua mwenzake. Kiti kitakuwa wazi tena, na mimi nipo.

Safari hii sikosei. Kosa langu nimeligundua: niliwafundisha mambo machache mno. Hawa wapya nitawapa mabaya zaidi. Nitawaambia wafike kabla geti halijafunguliwa. Wampigie mteja simu wiki moja baada ya kununua, wamuulize gari linamsumbua wapi. Na wakiona gari letu halimfai, wampeleke wenyewe yadi ya jirani.

Tuone kama watafika popote.