Afisa wa Usalama Majini, Bado Hajateuliwa

Jumatatu, 13 Januari 2025. Garissa.

Leo nimejiteua mtaalamu wa bahari. Bahari yenyewe nimeiona kwenye simu. Shirika moja linapeleka watu sita wa Kotile, waliomalizwa na ukame, wakajifunze kuvua samaki pwani kwa kuingia majini kwa miguu, bila chombo. Linatafuta afisa wa usalama wa kikundi. Mshahara, fulana yenye maandishi mgongoni, na filimbi! Kwenye fomu nimeandika uzoefu wa miaka kumi na tano. Si uongo. Nimekuwa dalali wa mbuzi miaka kumi na tano na bado niko hai.

Tatizo ni Kerrow, kaka wa mke wangu. Naye ameomba, na sote wawili tunapelekwa pwani na kikundi tukajaribiwe. Anajua kuogelea, kana kwamba hilo lina uhusiano wowote na kazi hii. Akiipata, duka lake litahitaji mtu wa kupima mchele. Sirad, mke wangu, amekwisha sema mtu huyo ni mimi.

Jumanne, 14 Januari. Pwani, karibu na Kipini.

Tumefika. Bahari ni kubwa kupita kiasi na haina kivuli. Nilitegemea mwalimu mwenye sare. Amekuja Maka, mama wa Kibajuni anayevua pweza kwa miguu tangu utotoni, akiwa na viatu vya mpira vilivyochoka. Masharti yake: usiingie peke yako, vaa viatu, maji yakianza kujaa toka. Na usiinue miguu! Iburute taratibu mchangani, ili taa aliyejifukia aondoke kabla hujamkanyaga. Taa, kumbe, ni samaki bapa kama chapati, mwenye mwiba mkiani.

Nikamweleza kwa heshima kwamba kwetu mtu huinua miguu juu, kwa sababu ya miba. Anayeburuta miguu ni mgonjwa au ameachwa na mke. Wazee wawili wa Kotile wakaniunga mkono. Maka akasema bahari haijawahi kuchunga mbuzi. Kerrow aliandika kila neno kwenye daftari. Kujipendekeza tu.

Jumatano, 15 Januari.

Nimeinua miguu saa nzima bila dhara lolote. Kerrow kaburuta yake kwa mwendo wa bibi harusi. Nimevua wanne kwa mshipi, yeye watatu. Naandika ukweli tu.

Sasa suala la mali. Samaki wa Maka wamo kwenye kikapu kinachoelea, kwenye kamba ndefu anayoweza kuiachia wakati wowote. Anasema samaki wasifungwe kiunoni, maana damu huita papa. Mali mbali na mwenyewe! Sokoni kwetu, mbuzi aliyefungwa hatua kumi kutoka kwako si wako tena. Nimechagua kiuno. Mafundo matatu.

Halafu alama. Samaki wote wanafanana, na Kerrow namjua. Mbuzi hukatwa sikio kwa alama ya ukoo. Nimemtafuta samaki sikio, hana. Basi nimemkata pezi, mikato miwili, kama babu zangu walivyofanya kwa mifugo yao. Wazee wa Kotile wamesifu kazi yangu.

Alhamisi, 16 Januari.

Naandika nimelala. Asubuhi nilikuwa na samaki watano kiunoni, kila mmoja na mikato yake, damu ikitiririka vizuri. Nilikwenda mbali kuliko wote, maji hadi kifuani, ili mkubwa wa shirika anione kutoka ufuoni. Maka akapiga kelele nirudi. Nikampungia mkono.

Kamba ikavutwa! Nikaanguka. Nikavuta mafundo, hayafunguki. Nilikuwa nimeyafunga kwa ustadi mno. Niliogopa. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilimwita hooyo, mama yangu aliyefariki miaka minane sasa, na nikawaona wanangu wakila bila mimi. Kisha mkono ukanishika, na kisu kikakata kamba. Kerrow. Papa, au chochote kile, akaondoka na mali yote, alama ya ukoo ikiwemo.

Nilikimbilia ufuoni, miguu juu kabisa. Hatua ya sita, taa. Mwiba ukaingia juu ya kifundo, nikalia mbele ya watu wazima. Maka akaagiza maji ya moto, moto ambao mguu unaweza kuustahimili. Hayakuwepo. Ilikuwepo chupa yangu ya chai, maziwa ya ngamia na iliki, zawadi ya Sirad. Akaimimina kwenye beseni, akapima kwa mkono wake, akaongeza maji kidogo, akaniingiza mguu. Maumivu yalipungua. Chai ilikwisha.

Ijumaa, 17 Januari.

Zahanatini wametoa kipande cha mwiba, wakanipa sindano mbili na bandeji. Baada ya swala shirika likatangaza jina. Kerrow. Fulana imemkaa vizuri, inauma kuitazama. Sirad alipiga simu, akalia kwanza, akamshukuru Mungu niko hai, kisha akaniambia funguo za duka anazo yeye.

Jumapili, 19 Januari.

Haki imetendeka! Shirika limeniomba nibaki. Kesho kinakuja kikundi kipya, nami nitasimama mbele nikionyesha mguu huku Kerrow akieleza nilichofanya. Mkubwa amesema hajapata kuona mfano ulio wazi kama mimi. Filimbi anayo Kerrow, sawa. Lakini watu watamtazama nani? Nimemwambia Sirad mchele utafute mtu mwingine.

Maka amekuja na kauli yake. Nisiguse maji hadi kidonda kifunge, eti bahari ikiwa na joto ina vijidudu vinavyoingia kidondani, na mtu anaweza kukatwa mguu. Wivu! Chumvi ni dawa, hata mbuzi anajua. Halafu mfano gani huo wa kukaa kwenye stuli? Mimi nitaonyesha kwa vitendo. Nitaamka alfajiri kabla ya wote, maji yakiwa yanajaa, niingie peke yangu nifanye mazoezi. Bandeji nimeshaitoa, haipendezi mbele ya wageni.