Breki ya Mkono ya Gari la Baba

Jumanne, 31 Machi

Gari la Baba limefeli ukaguzi. Kisa: breki ya mkono.

Breki ya mguu haina neno. Taa, matairi, honi, moshi, vyote safi. Kisha Nikhom, mkaguzi, akanipandisha kwenye zile roli zinazozungusha magurudumu, akaniambia nivute breki ya mkono. Nikavuta. Magurudumu yakaendelea kuzunguka kama hayakuambiwa kitu. Akauliza, kwa adabu, kama kweli nimevuta.

Nikamkumbusha kile ambacho kila mtu hapa Lampang anakijua. Ukiegesha mbele ya gari la mwenzio, unaliacha lako bila gia na bila breki, ili akitaka kutoka alisukume kando. Kuvuta breki ya mkono ni kumfungia jirani mlango. Baba hakumfungia mtu maisha yake yote. Hiyo ni sifa ya gari, si kasoro.

Nikhom alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaandika kwamba limefeli.

Shida ni Mama. Tarehe 13, siku ya mwaka mpya wa Kithai, anataka kupanda hekalu la mlimani kuyamwagia majivu ya Baba maji ya maua. Anataka kwenda kwa gari la Baba, kwenye kiti chake cha siku zote. Bila cheti cha ukaguzi silipi kodi ya gari. Bila kodi sipiti kizuizi cha polisi. Sathit, mume wa dada yangu, ameshajitolea kumpeleka kwa gari lake jipya, lile ambalo breki yake ya mkono ni kitufe.

Hampeleki.

Jioni nimelibadilishia jiwe la Baba shada la yasmini. Nililikuta chini ya kiti cha dereva mwaka jana, baada ya kuuchoma mwili wake, nikalitambua mara moja: ukumbusho wa kijiji chake. Linakaa rafuni kando ya picha yake. Nimeliwekea na soda nyekundu ya sadaka.

Alhamisi, 2 Aprili

Rufaa, ofisi ya usafirishaji. Hoja yangu ilikuwa moja na nzito: breki isiyotumika haiwezi kusemwa kuwa mbovu. Haijapewa nafasi ya kukosea.

Bi Rattana wa dirishani alinivutia kiti karibu na feni, akaniletea maji baridi. Nikadhani nimeshinda.

"Mjomba," akasema, "mimi na falsafa hatuwezani. Gari likisimama mlimani peke yake, lilete."

Watu kwenye foleni walicheka. Mmoja nilisoma naye.

Jumamosi, 4 Aprili

Mpango mpya. Kituo kingine, nje ya mji, ambako hawanijui. Mkaguzi akisema vuta breki ya mkono, navuta, na papo hapo nakanyaga ya mguu, polepole, uso mkavu. Nimefanya mazoezi nyumbani asubuhi nzima. Mama aliuliza kama naumwa mguu.

Ilikwenda vizuri ajabu. Magurudumu yalisimama kabisa. Mkaguzi alikuwa amesimama nyuma ya gari, mikono mfukoni.

"Kaka," akasema, "taa zako za nyuma zinasema kweli kuliko wewe."

Kumbe ukikanyaga, zinawaka. Naendesha gari miaka yote hii. Nyuma yake sijawahi kuwapo.

Jumatatu, 6 Aprili

Kituo cha tatu. Nilichomoa balbu za nyuma kabla ya kufika.

Limefeli taa. Kwenye breki hatukufika.

Jumatano, 8 Aprili

Sathit alikuja na wali wa kunata na nyama ya kuchoma. Anapoleta chakula huwa ana jambo. Akasema shemeji, tusisumbuane, nimekwisha kulipeleka langu kuoshwa kwa safari. Nikamwambia gari la Baba lina heshima ambayo kitufe hakina. Nikarudia habari ya Baba, majirani na milango.

Mama aliacha kutafuna.

"Bunlert, mwanangu. Kamba ya breki ile ilikatika mwaka ule ule tulionunua gari. Baba yako aliona ghali kuitengeneza. Wema ulikuja baadaye, watu walipoanza kumshukuru."

Sathit akatazama sahani yake. Namshukuru kwa hilo, ingawa sitamwambia.

Nikauliza, sasa mlimani alikuwa anafanyaje? Mama akanyoosha kidole rafuni, kwenye jiwe. Kumbe lilikuwa la kuzuia gurudumu. Mwaka mzima nalipa soda. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulionekana umepata mtu wa kuzungumza naye," akasema.

Nimekaa barazani muda mrefu. Nimejaribu kumkasirikia Baba, nikashindwa. Mtu akiwaachia watu njia maisha yake yote, kwa ubahili au kwa wema, njia waliipita. Nadhani mwishoni hata yeye alikuwa hajui tena ni kipi.

Ijumaa, 10 Aprili

Fundi ameweka kamba mpya. Kazi ya kabla ya chakula cha mchana. Nikhom alinipandisha kwenye roli, nikavuta, magurudumu yakakwama kwa kelele. Cheti, kodi, kila kitu.

Ni wazi hoja zangu ziliwafikia.

Jumatatu, 13 Aprili

Mama alikaa kiti chake. Kwenye kona ya mwisho alishika dashibodi kwa mkono wa kushoto, kama alivyozoea kufanya enzi za Baba kuwa usukani.

Uwanja wa hekalu una mteremko na ulikuwa umejaa. Sathit alishafika. Niliegesha mbele ya gari lake, upande wa juu. Mama akauliza kama nimevuta breki. Nikamwambia hapana, tutamfungia Sathit. Nikaliweka jiwe chini ya gurudumu, na shada lake.

Tulimwaga maji. Mama alizungumza na Baba kwa sauti ndogo, sikusikiliza.

Tulipotoka, jiwe lilikuwa limewekwa kando kwa adabu, shada juu yake. Kuna mtu alitaka kupita. Gari la Baba lilikuwa limeteremka na kuliegemea la Sathit, ambalo halikusogea hata kidogo. Boneti yake imebonyea.

Sathit aliinama kupapasa boneti. Mama ndiye aliyesema: "Mtoto wa baba yake."

Sikukuu zikiisha Alhamisi, nakwenda kwa Bi Rattana kulalamika. Nataka wanieleze wamewezaje kuipitisha breki ya namna hii.