Ombi la Kuondoa Der, Den, Dem na Des Nyumbani Kwangu

Kwa Mkuu wa Darasa la Kijerumani,

Shikamoo Mwalimu, kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani, mume wa yule muuguzi anayekaa kiti cha mbele na kuuliza maswali mengi. Nakuandikia kwa heshima zote kukuomba ufute sarufi ya Kijerumani, au angalau ile sehemu iliyohamia kwangu.

Nimeelezwa kwamba Kijerumani kina neno dogo linalotangulia jina, nalo hubadilika kufuatana na yanayompata mwenye jina. Mwanamume akitazama ni der. Akitazamwa ni den. Akipewa kitu ni dem, na kofia ikiwa yake basi ni des. Mtu yule yule, kofia ile ile! Kwetu mambo ni mepesi: kiti changu kizuri kimevunjika, meza yangu nzuri imevunjika, jiko langu zuri limevunjika. Hata mtoto wa chekechea hakosei.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ili asisahau, mke wangu amekata tepe zangu za dukani na kutuvalisha. Nyekundu ni ya mtenda, bluu ya mtendwa, kijani ya mtendewa, njano ya mwenye mali. Meneja mmoja, mteja wangu, amekwenda mkutanoni na suti mpya yenye utepe wa bluu makalioni. Hajarudi, wala sidhani atarudi.

2. Mama mkwe wangu, anayeishi nasi, amegoma kuvua nyekundu. Anasema tangu azaliwe hajatendwa na mtu. Jikoni sasa tuna mtenda mmoja wa kuamuru na watendwa wawili wa kumenya vitunguu.

3. Mimi ni bluu tangu mwezi uanze. Natumwa, naitwa, nasahihishwa. Nilipoomba kijani, nipewe japo chai, nikaambiwa hilo ni somo la mbele.

4. Hili ndilo linaloniuma. Juzi alinivua bluu akanifunga nyekundu. Nikafurahi, nikanyoosha na kola. Kumbe sentensi yenyewe ni: mume anabaki nyumbani. Nimesubiri cheo cha mtenda muda wote huo, na kazi niliyopewa ni kubaki! Hivi ninavyoandika yuko kwenu kwenye mtihani wa mdomo. Akifaulu atakwenda kuuguza wazee huko mbali, nami sitaki aende. Basi, nimesema.

Kwa hiyo, ikiwa kufuta sarufi hakuwezekani, naomba uiongeze kabla hajatoka chumba cha mtihani. Hali nne hazitoshi. Weka hata kumi na mbili, mpaka Wajerumani wenyewe washindwe.

Wasalimie walimu wote, mlinzi wa geti, na wale wanaosinzia viti vya nyuma.

Wako katika sindano na uzi,
Fundi Cherehani

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha mke wangu akaingia. Amefeli, na ni hizo hizo der na den zilizomwangusha. Amekaa juu ya meza ya kukatia vitambaa analia bila kujificha. Ombi langu limekubaliwa kabla halijafika, wala sina furaha hata chembe. Mwalimu, usiongeze kitu. Mpe masomo ya ziada, hata Jumamosi, nitamleta mwenyewe. Mfundishe mpaka afaulu, aende. Mimi nitalia zamu yangu ikifika.