Sare ya Binti na Bingwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mwenyekiti wa Kamati ya Sataranji, ambaye pia ni mimi. Walimu, wazazi, nanyi mliokaa chini kwa hiari yenu baada ya viti vyenu kuletwa huku meza kuu: itifaki imezingatiwa. (Makofi ya meza kuu.)

Ndugu wananchi, jana nilipigiwa simu nikaarifiwa kwamba binti wa kidato cha pili, mwenye kiwango cha pointi elfu moja na mia mbili, amekutana na bingwa mwenye pointi elfu mbili na mia tatu, na akapata sare. Nikasema, mnaona? Ofisi yangu ikiahidi sare, sare inafika! (Minong'ono.) Kupitia Mkakati Shirikishi wa Kufasilitati Mavazi ya Mwanafunzi, asilimia tisini na tisa ya watoto wetu, akiwemo huyu, sasa wana shati na sketi.

(Mama wa binti: "Sketi ipi? Mwanangu hajapewa hata kifungo!")

Mama, tulia, fidibaki tutaipokea kwa utaratibu. (Mwalimu wa sataranji anamnong'oneza mgeni rasmi.) Naambiwa ni sare ya mchezo. Hilo nalijua! (Kicheko nyuma.) Nani huyo anacheka? Naambiwa bingwa alibakiwa na mfalme na farasi mmoja, binti akabakiwa na mfalme mtupu, na hapo hata wakeshe hakuna wa kushinda. Huo ndio usawa ninaouhubiri siku zote! Naambiwa pia kwamba sare hiyo imempa binti nafasi ya mwisho katika timu yetu ya kwenda fainali kesho. (Vigelegele. Binti anasimama.)

("Shikamoo, mheshimiwa. Basi linaondoka saa ngapi?")

Marahaba, mwanangu. Swali zuri sana, na wadau wanalifanyia kazi. Nikisema sataranji, semeni juu! Sataranji! (Meza kuu: "Juu!") Maendeleo! (Meza kuu inatazamana.)

Kwa kumalizia, nawashukuru wadhamini ambao tutawatafuta, na dereva wa basi ambalo tutalikodi hali ikiruhusu. Shukrani za pekee ziwaendee waandaaji wa fainali, walionielewa vizuri mno, wakatufuta kwenye orodha yao, mwezi uliopita nilipowaambia wasituhesabu, kwani sisi hatuna timu, na huku kwetu hakuna mtoto anayeujua mchezo huu. Muwe na jioni njema.

(Binti bado amesimama.)