Gundi Kuukuu ni Mali ya Serikali

Wananchi wote wa Apia walitangaziwa, kwa heshima na taadhima, kwamba Idara ya Uwazi wa Vioo imeamua kutokomeza gundi kuukuu nchini. Stika mpya ya gari haitabandikwa tena juu ya gundi ya stika ya zamani. Na kwa kuwa gundi ni sehemu ya stika, na stika ni mali ya serikali, mwenye gari asiiguse. Itaondolewa na afisa mwenye cheti cha kukwangua. Maafisa hao bado hawajapatikana. Gari lisilo na stika lisisogezwe hata hatua moja.

Mambo yalipangwa vizuri kabisa.

Ijumaa asubuhi Bibi Fuatino alileta teksi yake langoni mwa Idara, mbele ya foleni ndefu ya magari. Kioo cha mbele kilikuwa na gundi ya miaka minane, nyeusi tii, imenasa nywele mbili na mguu wa nzi. Stika ilikuwa inaisha saa sita mchana, na kesho yake gari hilo ndilo la kumpeleka mjukuu wake Sieni kanisani kuolewa.

"Baba, hii kazi ya nusu saa," alimwambia Mkurugenzi Lafaele. "Unapaka mafuta ya nazi, unayaacha yalainishe, unafuta na kitambaa, unamalizia na sabuni. Basi."

"Mama, mafuta ya nazi ni chakula. Idara hii haishughuliki na chakula."

"Mbona mimi napaka nywele?"

"Basi nenda Idara ya Nywele. Mimi leo nasafiri, kuna mkutano wa gundi ng'ambo. Nikirudi baada ya wiki tatu tutaunda kamati ndogo."

"Harusi ni kesho!"

"Gundi haina haraka, mama."

Kengele ya saa sita ilipolia, Fuatino alizima gari palepale katikati ya lango, akashuka na chupa yake ya mafuta, akaketi mkekani na madereva wenzake wa foleni.

Punde Lafaele akatoka na sanduku. Watu sitini walikuwa wameketi njiani, na mtu wa adabu hapiti mbele ya waliokaa akiwa amenyooka. Akainama mpaka tai ikafagia mchanga. "Tulou. Tulou jamani. Tulou," akaomba radhi kila hatua.

Alipofika langoni mgongo ulikuwa umekataa kunyooka.

"Sogeza gari, mama. Ndege itaniacha!"

"Nisogeze? Halina stika."

"Basi tulisukume!"

"Kulisukuma si kulisogeza? Au nimesoma tangazo vibaya? Mimi niliishia darasa la nne."

"Lete hayo mafuta, nifute mwenyewe!"

"Una cheti?" akauliza Mzee Pulotu, mtu wa mwisho kwenye foleni.

Lafaele alitazama saa. Akafungua sanduku, akatoa mhuri, na nyuma ya bahasha akaandika kwamba Fuatino ni Afisa Mkwanguaji Mkuu wa Taifa, mwenye mamlaka juu ya kila kioo. Akagonga mhuri mara tatu.

Fuatino akapaka. Wakangoja nusu saa. Gundi ikajikunja ikatoka kama utando wa maziwa, na karani akabandika stika mpya. Teksi ikasogea. Gari la Mkurugenzi, lililokuwa limezibwa ndani ya ua, likanguruma nyuma yake.

Fuatino akashuka, akainua mkono. Akainama kwenye kioo cha gari hilo, akakuna kwa ukucha.

"Gundi hii, Mkurugenzi."

"Mimi ndiye niliyekupa cheti!"

"Nashukuru, mwanangu. Nikikupendelea watasema tunajuana. Nenda nyuma, wewe ni wa sitini na moja."

Chupa ikapita mkono kwa mkono, vioo vikang'aa kimoja baada ya kingine. Ndege ilipopita juu, foleni nzima iliipungia mkono. Saa kumi kamili Mzee Pulotu alipata stika yake, na karani akafunga dirisha.

"Na mimi?" Lafaele akauliza.

"Jumatatu saa mbili, mwanangu," alisema Fuatino akiwasha gari. "Sasa nawahi kufunga maua ya harusi."

Mzee Pulotu alimwachia Mkurugenzi mkeka, na maandazi mawili ya panikeke, ya moto, juu ya jani.

"Kula, baba. Foleni huuma siku ya kwanza tu."